Namna watu wa Wales wanatafuta mababu wao katika mabuku ya mazishi na ya serikali

Katika kijiji cha Pirbright, inchini Uingereza, kuko kaburi yenye jiwe kubwa. Juu yake kumeandikwa: Henry Morton Stanley, Bula Matari, 1841–1904, Africa. Ni yule Stanley mwenye jina lake lilipewa Stanleyville, ni kusema Kisangani ya leo. Lakini hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa, na kwa miaka mingi alikuwa anasema kwamba yeye ni mutu wa Marekani.

Buku la kanisa njo linaonyesha ukweli. Katika buku la ubatizo la Denbigh, muji mudogo wa Wales, mwaka wa 1841, aliandikwa John Rowlands, mutoto wa inje ya ndoa. Mutu anaweza kubadilisha jina na inchi, lakini buku lenyewe linabakia.

Siku ya leo, watu wengi wenye asili ya Wales wanatafuta mababu wao kwa njia hiyo. Wanafanya namna gani?

Shida ya kwanza ni majina. Zamani kule, mutoto alikuwa anapewa jina la baba yake. Dafydd mwana wa Rhys aliitwa Dafydd ap Rhys. Ile “ap” ni sawa na “bin” katika Hamed bin Muhammed, yule mwenye wazee wa Kasongo wanamuita Tippu Tip. Kisha, “ap Rhys” ikageuka Price, na “ap Hywel” ikageuka Powell. Wengine wakabakia na Jones, Davies, Evans ao Williams. Kwa hiyo, katika parokia moja unaweza kukuta akina John Jones wengi wenye hawana undugu wowote.

Ni kwa sababu hiyo mwenye kutafuta anaanza na wale anajua, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 1837, serikali inaandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mama, pamoja na jina lake la mbele ya ndoa, na baba kama aliandikwa. Cheti cha ndoa kinataja baba ya bwana na baba ya bibi, na kazi yao. Cheti cha kifo kinataja umri, kazi, sababu ya kifo, na mutu mwenye alikuja kutoa habari.

Mbele ya 1837, lazima kurudi kwa mabuku ya kanisa. Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na mazishi ilitoka mwaka wa 1538, lakini mabuku mengi ya kwanza yalipotea. Mengi yenye yalibakia yanachungwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales, muji wa Aberystwyth. Tena, watu wengi wa Wales walihama kanisa la Anglikana na kusali katika makanisa mengine, kama vile ya Wabaptisti na Wametodisti. Mabuku mengi ya zamani ya makanisa hayo yalikusanywa na serikali, na sasa yako London.

Buku la mazishi lina mambo machache. Tangu 1813, fomu yake inaomba jina, makao, tarehe ya mazishi, umri, na jina la padri. Wazazi hawatajwe. Lakini lile neno “makao” lina bei kubwa: jina la shamba ao la kijiji njo linatenganisha John Jones huyu na John Jones yule.

Kisha wanaenda makaburini. Mawe mengi yameandikwa kwa luga ya Wales: “Er cof am” maana yake “kwa ukumbusho wa”, “gwraig” ni bibi, “mab” ni mutoto mwanaume, “merch” ni mutoto mwanamuke. Mara nyingi jiwe moja linataja jamaa muzima, hata watoto wenye walikufa mbele serikali ianze kuandika.

Wenye ujuzi wanatoa onyo moja: usiamini karatasi moja peke yake. Mufu hasemi umri wake. Ni jirani ao mutoto njo anasema, na anaweza kukosea. Cheti, buku la kanisa na jiwe lazima vipatane kwa jina, kwa mwaka na kwa fasi.

Kwetu, vita na kuhamahama vimepoteza karatasi nyingi, lakini wazee wangali wanakumbuka. Uliza leo, uandike katika kaye: jina la babu na jina la baba yake, kijiji, fasi alizikwa, na nani alikuwako kwenye mazishi. Na kama kuna mutoto muchanga nyumbani, umuandikishe kwa etasivili mbele ya siku 90 kupita. Kesho, hiyo ndiyo karatasi wajukuu watatafuta.