Mtoto Mgongoni, Fomu Mkononi

Kwenye meza ya usajili, kinamama vijana hawaanzi na ada. Wanaanza na mtoto: "Mwalimu, huyu nitamwacha na nani?"

Nafundisha ushonaji katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Sweden, na leo vya serikali ni 54. Aliyeishia darasa la saba anapokelewa. Aliyekatiza kidato cha pili naye ana nafasi. Hata hivyo kuna miaka viti vinabaki, na sababu zake huwa zinanijia na sura za watu.

Novemba 2021 serikali iliwaruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida. Nilifurahi mno. Lakini wapo wanaoendelea kuja kwetu, kwenye programu ya Elimu Haina Mwisho, wasome masomo ya sekondari pamoja na fani, kwa kuwa shule ya kawaida haina pa kumweka mtoto. Sisi tuna chekechea ndani ya uzio. Tatizo ni wachanga. Darasani kwangu mtoto wa miezi minane hulala kwenye kanga chini ya meza ya kukatia, huku mama yake akipachika mfuko wa suruali. Akilia, cherehani inasimama.

Halafu kuna Januari, mwezi wa kuripoti. Huku kwenye mahindi Januari ni palizi, ghala limebaki chini, fedha mpaka tuvune. Wenzetu wa kusini huuza korosho kuanzia Oktoba, kwa hiyo mwaka mpya huwakuta na chochote mfukoni. Na fomu ya kujiunga inadai godoro, shuka, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi. Mzazi akijumlisha hayo na nauli, ada yenyewe huiona ndogo. Nimeona binti akiahirisha masomo mwaka mzima kwa ajili ya godoro, na iliniuma, maana mikono yake ilikuwa ya fundi.

Sasa tunaazimisha magodoro ya bweni la kozi fupi, na ada tunaipokea kidogo kidogo, sehemu kubwa ikisubiri mavuno. Kinachobaki ni chumba cha wachanga. Tunahitaji mlezi mmoja, mikeka, maji karibu, na dirisha linalotazamana na karakana ili mama amwone mwanawe akiwa kazini.