Jina Moja, Miti Miwili: Bustani ya Mimea Inavyomsaidia Mnunuzi

Mkazi wa Lemara anunuapo mche wa mwarobaini kando ya barabara, mara nyingi anachopewa ni jina tu, na jina hilo peke yake halimlindi. Upo mti mwingine unaofanana nao sana, mmelia, ambao hutokea nao ukaitwa mwarobaini. Tunda la mmelia lina sumu: humtapisha aliyelila, huathiri mishipa ya fahamu na laweza kuua.

Hapo ndipo bustani ya mimea ya chuo kikuu inapomfaa mwananchi wa kawaida. Bustani ya namna hii, kama ile ya Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya, haipandwi kwa ajili ya kivuli na picha za harusi pekee. Kazi yake ni kuuonesha mmea hai pamoja na jina lake la kisayansi: Azadirachta indica kwa mwarobaini, Melia azedarach kwa mmelia. Wala kuichanganya miti hii si aibu ya mtu asiyesoma. Mwaka 1753, Carl Linnaeus, profesa aliyesimamia bustani ya Chuo Kikuu cha Uppsala, aliiweka yote miwili katika kundi moja la Melia. Mwarobaini ulitengwa mwaka 1830.

Ukipata fursa ya kuitazama, anza na jani. Kikonyo cha jani la mwarobaini ni kimoja, na vijani vyake vilivyopinda kama mundu vimejipanga pande mbili. Kikonyo cha mmelia hugawanyika tena kuwa vitawi. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mmelia ni ya zambarau hafifu.

Kwa walio Arusha, mkusanyiko wa taifa wa mimea iliyokaushwa kwa utambuzi uko Ngaramtoni, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Bustani kongwe ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, iko mbali, Usambara Mashariki.

Tunakushauri umwombe mwenye kitalu aandike jina la kisayansi kwenye risiti. Usionje jani wala tunda ili kuhakikisha. Mtoto akila tunda usilolifahamu, mpeleke hospitali mara moja, ukichukua na tawi lenye majani na matunda ya mti huohuo.