Kaka Watatu wa Englewood

Derrick Rose alipotangazwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2011, alikuwa na miaka 22. Hakuna aliyewahi kuitwaa tuzo hiyo akiwa na umri mdogo kama huo. Alilelewa Englewood, kusini mwa Chicago, akacheza mpira wa kikapu Murray Park, kiwanja ambacho wenyeji walikipachika jina la bustani ya mauaji.

Husemwa kwamba kipaji ndicho kilichomtoa. Simeon, sekondari aliyosoma, ina sababu ya kutoamini hivyo.

Novemba 1984 shule hiyo ilikuwa na Ben Wilson, miaka 17, aliyehesabiwa kuwa namba moja kati ya wachezaji wote wa sekondari Marekani. Mchana mmoja, hatua chache kutoka shuleni, alikutana na vijana wawili wa miaka 16. Yakazuka mabishano, bastola ikatolewa. Alfajiri ya siku iliyofuata Wilson alikuwa marehemu, msimu wake wa mwisho hata haujaanza. Jezi yake namba 25 ilirithishwa kwa wachezaji bora waliomfuata. Nick Anderson aliivaa hadi NBA. Rose naye akaivaa, akailetea Simeon ubingwa wa jimbo la Illinois mwaka 2006 na 2007.

Wilson na Rose wote walikuwa na kipaji. Rose, juu ya hicho, alikuwa na mama asiye na mchezo, Brenda, na kaka watatu wakubwa: Dwayne, Reggie na Allan. Walimsindikiza shuleni na mazoezini, wakamrudisha nyumbani, na kila saa walijua yuko wapi na nani. Kwa mvulana wa sekondari ulinzi wa namba hiyo ni kero tupu, lakini ulimfikisha chuoni akiwa mzima. Mtaa haukumwacha hivihivi, maana mwaka 2009, akiwa tayari kwenye timu ya Chicago Bulls, ilisambaa picha yake akionyesha kwa vidole alama ya genge. Akaomba radhi.

Sasa, asiye na kaka afanyeje?

Tangu 2001 baadhi ya shule za Chicago zina programu iitwayo Becoming a Man. Wavulana huketi duara na mshauri kila wiki. Katika zoezi moja, kijana hupewa mpira aushike, mwenzake huambiwa autoe mkononi mwake ndani ya sekunde 30. Karibu wote huanza kukabana. Mshauri huwauliza baadaye: mbona hamkuomba tu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliona kuwa katika muda wa programu, kukamatwa kwa wavulana hao kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa karibu nusu.

Rose mwenyewe alitoa dola milioni 1 mwaka 2014 kwa After School Matters, taasisi inayowashughulisha vijana wa jiji hilo baada ya masomo, saa zilezile ambazo kaka zake hawakumwacha peke yake.

Ajira nayo imepimwa, hukohuko Chicago. Mwaka 2012 wanafunzi kutoka shule 13 za mitaa yenye ghasia walipewa kazi ya wiki 8 wakati wa likizo, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara. Katika miezi 16 iliyofuatiliwa, kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko kwa wenzao waliokosa nafasi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana baada ya kazi kwisha.