Ugonjwa wa Sukari na Macho Yako

Labda unakaa hapa Saio, na siku hizi mtu akija njiani humtambui mpaka amekaribia. Tena unakunywa maji mengi, na usiku unaamka mara nyingi kwenda kukojoa. Usikimbilie sokoni kununua miwani. Kwanza upimwe damu, maana huenda ni ugonjwa wa sukari.

Sukari inabadilishaje kuona?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ni safi kama kioo, na kazi yake ni kukusanya nuru ili tuone sawasawa. Sukari ikizidi katika damu, inaingia ndani ya lenzi na kuvuta maji. Lenzi inavimba kama haragwe lililolowekwa. Ndipo vitu vya mbali vinakuwa kama vimefunikwa na ukungu. Pengine mzee anafurahi kwa kuwa sasa anasoma Biblia bila miwani yake. Asifurahi upesi! Macho hayakurudia ujana, lenzi imebadilika.

Dawa haikuharibu macho

Ukianza dawa, sukari inashuka, na yale maji yanatoka katika lenzi. Kwa majuma machache kuona kunabadilika tena, na pengine maandishi ya karibu hayasomeki. Hapo wengine husema, "Dawa imeniharibu macho," wakaiacha. Hilo ni kosa kubwa. Endelea na dawa. Ngoja mpaka sukari imetulia mwezi mmoja au zaidi, ndipo upimwe miwani. Ukinunua mapema umepoteza fedha, kwa maana miwani ya leo haitakufaa mwezi ujao.

Hatari isiyouma

Sukari ikikaa juu miaka mingi, lenzi inaweza kuwa nyeupe. Ndiyo mtoto wa jicho, na muganga anaweza kuuondoa kwa kupasua. Lakini mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho nayo huharibika na kuvuja, bila maumivu yo yote. Upofu huo ni vigumu kuuponya, lakini waweza kuzuiwa.

Basi shika haya:

1. Tumia dawa yako, ya kumeza au ya sindano, kama ulivyoagizwa.
2. Acha sukari katika chai na vinywaji vitamu vya chupa. Punguza fufu, ongeza mboga.
3. Kila mwaka muganga aangalie nyuma ya macho yako, hata kama unaona vizuri.
4. Ukiona giza kwa ghafula, au madoa meusi yanayoelea, nenda hospitali siku ile ile.

Macho ni zawadi ya Mungu. Kuyatunza ni namna moja ya kumshukuru.