Ziara za Masomo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Kila muhula, wanafunzi wa shule za upili hurudi nyumbani na fomu ya kuomba ruhusa na pesa za ziara. Wazazi wengi huiona kama matembezi tu. Wengine huipuuza kwa kukosa pesa, na mtoto akabaki shuleni wenzake wakienda. Ni vyema wakazi wa Kaunti ya Kilifi wafahamu kazi ya ziara hizi.

Ziara ni sehemu ya somo

Katika mfumo wa 8-4-4, mtihani wa Jiografia wa KCSE huuliza maswali kuhusu kazi ya nyanjani: jinsi ya kuandaa ziara, kukusanya data na kuandika ripoti. Mwanafunzi ambaye hajawahi kutoka darasani hulazimika kukariri. Mtaala wa umilisi, ulioingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026, nao unasisitiza kujifunza kwa kutenda.

Si lazima kwenda mbali

Magofu ya Gede yapo kilomita zipatazo 15 kutoka mjini Malindi. Mwanafunzi wa Historia huona humo misikiti, kasri na nyumba za mawe ya matumbawe. Vigae vya kauri ya Uchina vilivyochimbuliwa hapo vinaonyesha jinsi biashara ya Bahari ya Hindi ilivyofika pwani. Anaweza pia kuchungulia visima na kujadili kwa nini mji ulihamwa, kwani kupungua kwa maji ni moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu. Mwaka wa 2024, UNESCO iliiweka Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Mwanafunzi wa Bayolojia hujifunza hatua za ukuaji wa mdudu, naye wa Biashara hujifunza jinsi msitu unavyoweza kuleta mapato bila kukatwa. Hori ya Mida iko jirani, na mikoko yake ni darasa tosha la Jiografia.

Ziara kama hii humalizika kwa siku moja. Haihitaji malazi, na nauli yake ni ndogo kuliko ya safari ya Nairobi.

Asiyeweza kulipa

Basari kwa kawaida hulenga karo, hivyo mzazi asizitegemee kwa ziara. Aliyekwama amwone mwalimu mkuu mapema, wala asingoje siku ya safari. Kupitia mikutano ya wazazi, shule zinaweza kukubaliana kulipa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, au kuchagua mahali pa karibu ili darasa zima liende.

Maswali ya kuuliza

- Ziara inahusu mada gani, na mwanafunzi ataandika nini akirudi?
- Gari limekaguliwa, na kila mwanafunzi ana kiti na mkanda?
- Walimu wangapi wataandamana nao, na nani ana sanduku la huduma ya kwanza?
- Wataondoka na kurejea saa ngapi? Safari ya usiku iepukwe.
- Mtoto mwenye pumu, kifafa au ulemavu atahudumiwa vipi?

Mzazi asiporidhika na majibu, ana haki ya kutotia sahihi.

Nani anahusika

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo, malalamiko kuhusu ziara yaanzie kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule, kisha yafikishwe katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, iliyo chini ya Wizara ya Elimu.