Amri Moja, Matendo Mengi: Aina za Vitu katika Programu za Kompyuta

Neno "piga" katika Kiswahili lina tabia ya pekee. Mtu hupiga pasi, hupiga picha, hupiga simu na hupiga kura. Neno ni moja, lakini tendo lenyewe huamuliwa na kitu kinachotajwa baada yake. Kompyuta nayo yaweza kufundishwa tabia kama hiyo. Wataalamu huiita polimofizimu, yaani wingi wa maumbo. Mojawapo ya lugha za kwanza za programu kuitumia ni Simula 67, iliyobuniwa mjini Oslo, Norwei, na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard.

Kila kitu hujibu kwa aina yake

Tuchukue mfano wa programu ya malipo. Humo huwekwa aina kuu, Mfanyakazi, na chini yake aina mbili zinazorithi sifa zake: Mwajiriwa, alipwaye kwa mwezi, na Kibarua, alipwaye kwa siku. Kila aina hupewa kanuni yake ya kukokotoa malipo. Programu inapopitia orodha ya watu wote, hutoa amri moja tu: "Kokotoa malipo." Haina haja ya kuuliza huyu ni nani, kwani kila mmoja hujibu kwa kanuni ya aina yake. Hata ikiongezwa aina ya tatu hapo baadaye, sehemu inayopitia orodha haibadilishwi.

Kupanda na kushuka

Hata hivyo, huja wakati ambapo mwandishi wa programu anahitaji jambo lililo katika aina moja tu, mathalani idadi ya siku za kibarua. Orodha inamtambua kila mtu kuwa Mfanyakazi, basi. Hapo mwandishi huiamuru kompyuta: "Mchukulie huyu kuwa Kibarua." Huku ndiko kubadili aina.

Kumpandisha Kibarua awe Mfanyakazi hakuna hatari, kwa kuwa kila kibarua ni mfanyakazi. Hatari imo katika kushuka, kwa sababu si kila mfanyakazi ni kibarua. Mwandishi akikosea, lugha ya Java huligundua kosa hilo wakati programu inafanya kazi, na programu husimama isipokuwa imeandaliwa kulishughulikia. Lugha ya C++ ina njia inayochunguza na njia isiyochunguza. Kwa hii ya pili, kompyuta yaweza kusoma tarakimu za jambo jingine kabisa ikizidhania kuwa siku za kazi, na malipo ya uongo yakatoka bila onyo lolote.

Funzo la Ariane 5

Nambari nazo zina aina zake, na kuzibadili kwataka uangalifu ule ule. Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na setilaiti nne za utafiti. Katika chombo cha kuongozea safari, nambari ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa nambari nzima ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Programu hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo kwa mwendo wake nambari hiyo haikupata kuvuka mpaka. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Nambari ikazidi, na ugeuzaji huo haukuwekewa kinga. Chombo cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kushindwa kwa sababu hiyo hiyo. Sekunde zipatazo 40 tangu safari kuanza, roketi ilipotoka njia, ikavunjika na kulipuka.

Kwa hiyo, inapowezekana, kazi iachiwe kitu chenyewe kijibu kwa aina yake. Na pale ambapo hapana budi kubadili aina, yafaa kuchunguza kwanza, na kuandika waziwazi kompyuta ifanye nini ikiwa aina haikubali.