Kuona Bila Kusimama

Katika Luka sura ya 10, kuhani na Mlawi hawakukosa kumwona mtu aliyejeruhiwa. Walimwona. Kosa lao ni kutosimama.

Ndivyo dunia ilivyovitendea vita vya Sudan ya Kusini, vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizika kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Nairobi, tarehe 9 Januari 2005. Watu wapatao milioni 2 walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Habari zilikuwapo: tangu 1989 ndege za msaada ziliruka kutoka Lokichoggio, na tangu 1992 wakimbizi walijaa Kakuma. Hata hivyo, mwaka 1999 mafuta ya Sudan yalianza kupita katika bomba hadi Port Sudan na kuuzwa ng'ambo, huku vijiji vilivyo karibu na visima vikichomwa moto.

Msamaria alitia mafuta yake katika jeraha. Dunia ilichota mafuta kwa majeruhi.

Aprili 2023 vita vingine vilizuka Sudan. Je, sisi nasi tutapita? Tuwataje katika sala zetu, tuwakaribishe wakimbizi wao, na sadaka yetu iwafikie. Mungu atupe moyo wa kusimama. Amina.